Uliza Mwenyeji: Wiki Moja Kigoma, Tupange Mtaa Gani?

Shikamoo Mama Mwenyeji. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Morogoro. Likizo ya Juni tunakuja Kigoma kwa treni: mimi, mume wangu, watoto (miaka 13, 9 na 4) na mama mkwe wangu mwenye miaka 71, ambaye magoti yanamsumbua. Tutakaa siku saba. Gesti hatutaki, maana vyumba vitatu kwa wiki ni ghali na hakuna pa kupikia. Tunatafuta nyumba yenye samani, vyumba vitatu na jiko.

Dalali ametuletea nne kwa simu. Ya kwanza iko Bangwe, juu, na picha zake zinaonyesha ziwa lote, shilingi 120,000 kwa usiku. Ya pili iko Mwanga, haina mandhari yoyote, 75,000. Ya tatu iko Ujiji, 50,000. Ya nne iko mjini karibu na stesheni, 90,000. Moyo wangu uko Bangwe. Mume wangu anasema stesheni, ili tusihangaike na mizigo. Mama mkwe anataka Ujiji kwa sababu babu yake alikuwa akipataja. Watoto wanataka popote penye maji. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika huko. Tusaidie.
— *Mama Watatu, Morogoro*

Marahaba, Mama Watatu, na karibuni sana Kigoma.

Chukueni nyumba ya Mwanga. Hiyo hiyo isiyo na mandhari.

Najua jibu hilo halikufurahishi, na ninajua kwa sababu niliwahi kuchagua kwa moyo kama wako. Miaka kumi na minne iliyopita mdogo wangu alikuja kutoka Tabora na mume wake, watoto wao wawili na mama yetu mzazi. Mimi ndiye niliyewatafutia nyumba. Baba yetu alikuwa mtu wa reli. Alihamishiwa huku nikiwa darasa la pili, na mama aliishi hapa miaka mingi hadi alipofiwa na mumewe akarudi kwao Tabora. Kila nilipompigia simu aliuliza ziwa lina hali gani. Basi nikataka alione kila anapofungua macho. Nikapata nyumba juu ya kilima, upande huo huo wa Bangwe, baraza pana, maji yote mbele yako mpaka milima ya Kongo.

Kutoka njia ya gari hadi mlangoni kulikuwa na ngazi arobaini na moja. Nilizihesabu baadaye. Siku ya kukagua nyumba sikuzihesabu, kwa sababu nilizipanda macho yakiwa ziwani.

Mama alipanda ngazi zile siku ya kwanza akiwa ameshikwa kulia na kushoto, na hakushuka tena hadi siku ya kuondoka. Siku zote nne alikaa barazani. Nilipomletea samaki wa sokoni aliwageuza mkononi akauliza, "Bado wanauzia chini ya ule mti?" Hapo nikaelewa kuwa alilifuata soko lake, na wale wanawake aliokuwa akinunua kwao mawese. Usiku wa tatu mtoto mdogo akapanda homa, akaanza degedege. Shemeji alimbeba gizani mpaka lami, akasimama karibu nusu saa bila kuona hata bodaboda. Mtoto alipona, sasa yuko kidato cha nne. Mama alifariki mwaka uliofuata. Aliondoka Kigoma akiwa amelitazama ziwa siku nne, na hakuligusa.

Tangu wakati huo mtu akiniuliza mtaa, mimi kwanza humuuliza: katika familia yako ni nani anayetembea taratibu kuliko wote, na usiku akiugua atafikaje barabarani? Kwenu wako wawili, bibi wa miaka 71 na mtoto wa miaka minne. Nyumba inachaguliwa na hao. Ninyi wengine mtafika popote mnapotaka kwa miguu yenu.

Sasa nikuelezee mji ulivyokaa, maana picha za dalali hazikuonyeshi hilo. Stesheni iko chini, karibu kabisa na maji. Reli iliyojengwa na Wajerumani ilifika hapa mwaka 1914, na jengo lao bado linapokea abiria. Ndiyo maana sisi tunaitwa watu wa mwisho wa reli. Ukitoka nje ya stesheni, barabara ya Lumumba inapanda mlima ikipita mjini, inafika Mwanga, kisha inaendelea hadi Ujiji. Ukifuata maji kuelekea kaskazini unafika Kibirizi. Ukizunguka ghuba upande wa pili unafika Bangwe, na ukivuka kilima chake unaikuta Katonga, mwalo wa wavuvi.

Kwa hiyo Mwanga iko katikati ya kamba. Daladala za Ujiji na za mjini zinapita hapo hapo mchana kutwa, na popote mtakapotaka kwenda ni gari moja tu, bila kuunganisha. Soko liko hapo, na jioni bado kuna watu barabarani, kuna duka la dawa lililo wazi, kuna mama anayekaanga mihogo na bajaji zinazosubiri abiria. Kwenda Hospitali ya Maweni, ambayo ndiyo ya rufaa ya mkoa, hamtahitaji kumwamsha mtu mwenye gari. Kwa familia yenye mtoto wa miaka minne, tena katika mkoa ambao malaria yake ni kali, hilo mimi naliweka mbele ya dirisha lenye ziwa.

Kuhusu Bangwe kuna jambo jingine la mwezi wenyewe wa Juni, na dalali hawezi kukwambia. Uzuri mkubwa wa kulala juu pale ni usiku. Giza likiingia, wavuvi wa dagaa wanatoka na taa zao, na ziwa linageuka kama mji mwingine uliowashwa juu ya maji. Lakini mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Uliza mapema kama mwaka huu litafungwa pia, kwa sababu likifungwa mtalipa 45,000 zaidi kila usiku kutazama giza. Hata likiwa wazi, wiki ya mbalamwezi wavuvi hawa hawaendi, maana taa yao haina nguvu mbele ya mwezi. Angalia kalenda. Kama bahati ni yenu, chukueni bajaji jioni moja, mpande Bangwe, mkae mpaka taa zianze kutokea moja moja, kisha mrudi kulala Mwanga. Mwambieni dereva awasubiri, msimwache aende zake.

Mume wako ana hoja, lakini mizigo mtaibeba mara mbili tu katika siku saba, siku ya kuja na siku ya kuondoka. Mtoto wenu mdogo atabebwa kila siku. Mjini ni pazuri mchana, pana benki, pana bandari, pana upepo wa ghuba. Usiku panapoa mapema na mama mkwe hatakuwa na mtu wa kusalimiana naye mlangoni. Kutoka stesheni hadi Mwanga bajaji mbili zinawatosha na mabegi yenu yote. Kitu cha kupanga sawasawa ni saa ya kufika. Treni ya reli ya kati huweza kuchelewa, na kutoka Morogoro mpaka huku ni zaidi ya siku nzima njiani. Mwambieni mwenye nyumba kwamba mtampigia simu mkifika Uvinza, na kwamba mtu wake awe macho hata kama ni saa nane usiku.

Nyumba ya Ujiji naikataa kwa shingo upande. Kama mngekuwa mnakuja watu wazima watupu, ningesema laleni Ujiji bila kufikiri. Kule ni tambarare, nyumba zina baraza, watu wazima wanakaa nje wakati wa alasiri na mgeni hapiti bila kuulizwa habari za safari. Ndio mji mkongwe; misafara iliyotoka Bagamoyo na kupita Tabora iliishia pale miaka mingi kabla ya reli, na kama babu yake mama mkwe alikuwa akipataja, huenda kuna hadithi ndani ya familia yenu ambayo hamjaiuliza vizuri. Mwulizeni akiwa kwenye treni. Muda mnao.

Ila siku saba za kuvuta watoto kutoka Ujiji kwenda mjini na kurudi zitawachosha wote. Ipeni Ujiji siku moja kamili, kuanzia asubuhi. Nendeni kwenye makumbusho ya Livingstone, penye jiwe la kumbukumbu la mahali alipokutana na Stanley mwezi Novemba 1871. Ule mwembe wa wakati huo haupo tena, lakini iliyopo ni uzao wake, na kivuli ni kizuri kwa bibi. Mtoto wa miaka 13 aulize kwa nini reli haikuletwa Ujiji mji mkubwa, ikapelekwa Kigoma. Jibu liko majini: ghuba ya Kigoma ina kina na imejikinga, meli inakaa, Ujiji pwani yake ni ya kina kifupi. Baada ya hapo teremkeni na njia ile ile kuelekea ziwani. Bajaji inafika karibu na mchanga, penye mafundi wanaounda mitumbwi ya mbao. Hapo ndipo ninapokuomba kitu, Mama Watatu: mama mkwe ashuke, asogee, atie mkono wake ndani ya maji. Kisha ajifute vizuri. Msimwache akaona ziwa kwa mbali tu.

Nimesema ajifute kwa sababu ya kichocho. Kipo katika ziwa letu, hasa mahali penye majani, maji yaliyotulia, na pale watu wengi wanapofulia na kuogea. Kwa hiyo watoto wasiogelee kila wanapoona wenzao wanaogelea. Wapelekeni ufukwe wa Jakobsen, upande wa Katonga, penye mchanga safi na maji yanayopigwa na mawimbi, unalipa kiingilio. Barabara ya kwenda huko ina vumbi na mlima, chukueni gari badala ya bodaboda. Na mtu mzima mmoja akae ndani ya maji pamoja nao. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 mahali pake pa chini kabisa, ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal, na tabia hiyo unaanza kuiona pembeni kabisa: hatua chache maji yako magotini, hatua inayofuata yako kifuani. Juni pia kuna upepo wa kusi, na baadhi ya siku mawimbi yanafanana na ya bahari. Siku hizo mjenge ngome za mchanga.

Mtoto wa miaka tisa, kama anapenda mashine, mwonyesheni bandari kwa mbali na mmsimulie Liemba. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaja ndani ya masanduku kwa bahari na kwa reli, ikaunganishwa hapa hapa Kigoma na kuingia majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isitekwe. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Mwanangu wa kiume alipoisikia habari hiyo akiwa na umri huo, alizamisha kila sufuria yangu kwenye karai wiki nzima.

Turudi kwenye nyumba. "Mwanga" peke yake haitoshi, kwa sababu Mwanga ina kelele zake na ina utulivu wake. Nyumba inayotazamana na soko mtaamshwa alfajiri na wanaopakua ndizi. Nyumba iliyo nyuma ya baa, Jumamosi hamtalala. Unayoitaka iko mtaa wa pili au wa tatu kutoka lami, karibu kiasi cha kusikia daladala lakini si kiasi cha kumsikia kondakta. Katubuka nayo, ikiwa dalali atakuletea, ni jirani na imetulia.

Mwambie dalali akupigie video akitembea kutoka barabara ya lami hadi mlangoni bila kukata, kisha aingie ndani hadi chooni. Hilo tu litakueleza zaidi ya picha thelathini. Utaona mteremko, utaona kama bajaji inapita, utaona kizingiti na ngazi, utaona jirani ni duka au ni kibanda cha pombe. Chooni angalia kama ni cha kukaa, maana kwa magoti ya mama mkwe choo cha kuchuchumaa ni adhabu mara tano kwa siku. Uliza kama kuna simtanki na ni la lita ngapi, kwa sababu bomba likikauka siku mbili, watu sita wanamaliza tanki dogo asubuhi moja. Uliza luku ni ya nani; andika yuniti mnazozikuta, mkubaliane kabla. Uliza vyandarua, uvihesabu kwa vitanda. Mimi huwaambia wageni wangu waje na kimoja cha ziada kwa ajili ya mtoto mdogo, kwa sababu nyumba nyingi zina chandarua kizuri chumba cha wazazi na kilichotoboka chumba cha watoto.

Chakula kitawaletea raha. Kama ziwa liko wazi, nunueni migebuka asubuhi mpike wenyewe. Mwambieni muuzaji awapasulie. Kama limefungwa, dagaa wakavu bado wapo, na dagaa wa Kigoma wakiungwa na mawese, kitunguu na pilipili ya kutosha, na ugali wa muhogo pembeni, hamtakumbuka samaki wabichi. Mawese yasichomwe sana mpaka yapoteze rangi, kama wageni wengi wanavyofanya. Yapate moto tu.

Na ile 45,000 ya kila usiku mtakayookoa kwa kuiacha Bangwe ni 315,000 kwa wiki. Ndiyo bajaji zenu zote, kiingilio cha ufukwe, na mawese ya kubeba kwenda nayo Morogoro.

---

Mama Mwenyeji, za kazi? Sisi ni baba, mama na vijana wawili (16 na 11), tuko Tabora. Shabaha yetu ni Gombe tu, kuona sokwe. Rafiki ametushauri tupange nyumba Kibirizi kwa kuwa boti zinaondokea pale. Si ndiyo njia rahisi?
— *Baba wa Cheyo, Tabora*

Salama, baba. Wewe unatoka mji wa mama yangu, kwa hiyo nakujibu kama ndugu.

Ni kweli kuwa boti za abiria zinaondokea Kibirizi. Lakini boti hizo zinawahudumia watu wa vijiji vya kaskazini, na ratiba yao ni ya wanakijiji: asubuhi wanaleta watu na mizigo mjini, mchana wanawarudisha. Wewe mgeni ukipanda mchana utafika Gombe jioni, na lazima ulale huko. Kwa hiyo kulala Kibirizi usiku wa kabla hakukusaidii chochote; unayo asubuhi nzima ya kufika pale kutoka mtaa wowote. Kama utakodi boti yako binafsi ili uende na kurudi siku moja, hapo kuondoka alfajiri kuna maana, lakini kutoka mjini hadi Kibirizi ni mwendo mfupi wa bajaji. Agiza dereva usiku.

Kibirizi yenyewe naipenda kwa kutembea saa moja, niangalie mizigo inavyopandishwa. Kwa kulala na familia sikushauri. Mwalo hauna usingizi, dagaa wanaoanikwa wana harufu ambayo sisi tumeizoea na ninyi hamjaizoea, na ziwa lilipopanda miaka ya karibuni maji yaliingia kwenye nyumba za pwani. Ukipewa nyumba ya chini karibu na maji, tazama kuta zake kwa nje. Alama ya maji haifichiki, hata kwa rangi mpya.

Lakini jambo zito kwako ni huyo wa miaka 11. Watoto hawaruhusiwi kuwafuata sokwe msituni kabla ya kufikia umri uliowekwa na hifadhi. Nenda au piga simu ofisi ya TANAPA uthibitishe umri huo kabla hujalipa hata shilingi ya boti. Nimewahi kukaa na mama mmoja kwenye mchanga wa Kibirizi akimbembeleza binti yake aliyerudi analia, kwa sababu kaka zake walipanda mlimani yeye akaachwa chini na mlinzi. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Mweleze kijana wako sababu, ataelewa. Sokwe wanaambukizwa magonjwa yetu. Mwaka 1966 polio iliwapiga wale wa Gombe, wengine wakapooza, wengine wakafa. Mafua ya mtoto wa shule, ambayo wewe unayatibu kwa maji ya moto na limau, yanaweza kumwangusha sokwe. Kama umri wake hautoshi, mzazi mmoja apande na mkubwa na mwingine abaki Kigoma na mdogo, waende Jakobsen. Na huyo mkubwa naye akiamka ana kikohozi siku hiyo, asiende, hata kama mmeshalipa. Jane Goodall alifika pale Julai 1960 na msitu ule ukawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Sokwe hao wametunzwa muda mrefu kuliko umri wako na wangu wa kazi.

Pangeni mjini, basi. Vijana wenu wana miguu, hamna mzee, na usiku wa Gombe mtalala huko huko hifadhini. Mwambieni mwenye nyumba tangu mwanzo kwamba usiku mmoja hamtakuwepo. Wengine wanakubali kuupunguza.

---

Mama, dalali anataka nilipe siku zote sita kwa simu kabla sijaondoka Kahama, la sivyo nyumba inachukuliwa. Nifanyeje?
— *Mwenye haraka, Kahama*

Usilipe zote. Lipa usiku mmoja ili ishikwe, nyingine ulipe ukishafungua milango yote na kuona maji yanatoka. Mwenye nyumba wa kweli anakubali hilo. Mpwa wangu alituma pesa za wiki nzima, akafika na mabegi akakuta ndani kuna wapangaji wa mwaka mzima wanakula chakula cha jioni. Walimwonea huruma wakamkaribisha mezani.

Kabla ya kutuma huo usiku mmoja, omba simu ya video, si picha. Akiwa ndani ya nyumba, mwambie awashe taa ya jikoni, afungue bomba, kisha atoke nje akuonyeshe mtaa. Aliye na picha za kuazima hawezi kufanya hivyo papo kwa papo. Mwulize jina la mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mtu anayepangisha pale kila mwezi analijua. Na unapotuma, soma jina linalotokea kwenye simu kabla hujabonyeza namba ya siri. Likiwa si la mwenye nyumba wala la dalali uliyezungumza naye, simama hapo, mpigie, aeleze ni la nani.

Akisema nyumba inachukuliwa leo, mwache aichukue huyo mwingine. Kati ya Mwanga na Katubuka utapata nyingine kabla basi lako halijafika Kasulu.